Je, wajua? Kufuli kwenye anwani ya tovuti halisemi kwamba tovuti hiyo ni ya kweli

Kuna kanuni ya usalama mtandaoni ambayo wengi wetu tumeisikia: kabla hujaandika nenosiri, tazama juu ya kivinjari, na ukiona kufuli kando ya anwani, endelea bila wasiwasi. Zamani kanuni hiyo ilisaidia. Leo, ukiitegemea peke yake, unaweza kumkabidhi tapeli akaunti yako huku kufuli liko palepale. Sababu ni kwamba wewe unauliza "hawa ni akina nani?", na kufuli linajibu swali jingine kabisa.

Kufuli huonyesha kwamba mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti yanapita kwa njia ya HTTPS. Unachoandika hugeuzwa mafumbo kabla hakijaondoka kwenye simu au kompyuta yako, kisha hufumbuliwa kikifika upande wa pili. Mtu anayenasa mawasiliano ya Wi-Fi ya bure unayoitumia ataambulia herufi zisizosomeka. Huo ni ulinzi wa kweli wala haufai kudharauliwa. Lakini ni kama lakiri kwenye bahasha: inazuia barua isifunguliwe njiani, haikuambii kama anayeipokea ni mtu mwema.

Ili tovuti ipate HTTPS, lazima iwe na cheti cha kidijitali, yaani hati ya kielektroniki inayothibitisha jina la tovuti. Kwa miaka mingi vyeti hivyo vilikuwa vya kununua na vilikuwa na usumbufu wake, kwa hiyo matapeli wengi hawakujihangaisha navyo. Mambo yalibadilika Desemba 2015, Let's Encrypt, shirika lisilo la faida linalotoa vyeti hivyo, ilipofungua milango na kuanza kumpa cheti bure kila anayekihitaji, kwa mfumo unaojiendesha wenyewe. Julai 2018 kivinjari cha Chrome nacho kikaanza kuzitia alama ya "si salama" tovuti zote zisizotumia HTTPS. Kwa maoni yangu haya ni miongoni mwa mambo bora yaliyowahi kufanyiwa intaneti, maana usiri wa mawasiliano haukubaki kuwa wa wenye pesa pekee.

Ila mfumo wa kutoa vyeti vya kawaida hukagua jambo moja tu: je, anayeomba cheti ndiye mwenye mamlaka juu ya jina hilo la tovuti? Hauulizi anataka kulifanyia nini. Aliyesajili jina la ulaghai asubuhi anaweza kuwa na cheti halali kabla ya mchana, na kufuli lake halitofautiani na la benki. Google walipowapima watumiaji mwaka 2021, ni asilimia 11 tu walioelewa sawasawa maana ya kufuli. Septemba 2023 wakaliondoa kwenye Chrome ya kompyuta na kuweka alama ya mipangilio mahali pake.

Basi tutazame nini? Tazama jina lenyewe, na ujue pa kuanzia kulisoma. Chukua anwani hii:

https://www.facebook.com.thibitisha.example/akaunti

Jicho linakimbilia neno "facebook.com" na kutulia hapo. Hapo ndipo mtego ulipo. Ruka ile https:// ya mwanzo, nenda mpaka kwenye mkwaju (/) wa kwanza unaofuata, kisha rudi ukisoma kutoka kulia kwenda kushoto. Neno la kwanza ni "example", ambao ni mwishio wa jina. Linalofuata ni "thibitisha". Mwenye tovuti hii basi ni thibitisha.example, na Facebook hawahusiki hata kidogo. Maneno yote yaliyo kushoto kwa hapo mwenye jina anaweza kujiandikia apendavyo, bila kumwomba mtu ruhusa. (Mwishio wa .example umetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, ndiyo maana nimeutumia. Tapeli atatumia mwishio wa kawaida.) Linganisha na m.facebook.com: ukisoma kutoka kulia unapata com, kisha facebook. Hiyo ni yao kweli.

Angalia pia miishio yenye sehemu mbili, mfano .co.uk. Hapo jina la mwenyewe ni neno la tatu kutoka kulia. Na ukikuta alama ya @ ndani ya sehemu hiyo ya jina, ondoka. Kivinjari hukichukulia kilicho kushoto kwa @ kama jina la mtumiaji tu, kisha kinakwenda kwenye tovuti iliyoandikwa kulia kwake. Kistari nacho si nukta: facebook-msaada ni jina jingine kabisa, si tawi la facebook.

Kwenye mitandao ya kijamii kazi hii ni ngumu zaidi, kwa sababu maandishi ya linki yanaweza kusema kitu kimoja na linki ikakupeleka kwingine. Kwenye kompyuta, weka kishale cha kipanya juu ya linki bila kubofya. Kwa kawaida anwani halisi hutokea chini ya dirisha. Kwenye simu, ibonyeze na kuishikilia mpaka anwani ionekane. Tena, programu nyingi za mitandao ya kijamii hufungua linki ndani yake zenyewe, ambako anwani huonekana kwa ufinyu au hukatwa. Ukurasa ukikuomba nenosiri ukiwa humo, ufunge. Fungua kivinjari chako cha kawaida na uandike anwani ya tovuti kwa mkono wako. Kama kweli akaunti yako ina tatizo, utalikuta ukishaingia.

Jicho huchoka, na kuna majina bandia yanayotumia herufi za alfabeti nyingine zinazofanana kabisa na zetu. Ndiyo maana napendekeza kwa moyo wote programu ya kutunza manenosiri, ikiwemo ile iliyomo tayari ndani ya kivinjari chako. Haidanganywi na nembo wala rangi za ukurasa. Inalinganisha jina la tovuti herufi kwa herufi, na lisipolingana, haijazi kitu. Siku ikikataa kujaza nenosiri mahali ambapo hujaza kila mara, usilinakili ukalibandika mwenyewe. Simama kwanza usome anwani.

Na kama umeshaliandika nenosiri kwenye ukurasa wa uongo, fanya haraka kabla hujaanza kujilaumu. Ingia kwenye tovuti halisi, badilisha nenosiri, kisha utafute sehemu ya kuondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, maana mara nyingine kubadilisha nenosiri pekee hakumtoi aliyekwisha kuingia. Kagua barua pepe na namba ya simu za kurejeshea akaunti: wezi hupenda kuweka zao hapo ili warudi baadaye. Halafu badilisha nenosiri hilo kila mahali pengine ulipolitumia, ukianza na barua pepe yako, kwa kuwa aliye na barua pepe yako anaweza kuomba manenosiri mapya ya akaunti zako nyingine zote.