Je, bangi hufungua akili ya mwanafunzi?

Imani kwamba msokoto wa bangi humfungulia mwanafunzi akili ni ya siku nyingi. Mabwenini, usiku wa kuamkia mtihani, hukosi kuisikia. Wanaoisema hawadanganyi. Baada ya mivuto michache mtu huhisi kweli mawazo yanamiminika.

Ila kuhisi ni jambo moja, kukumbuka ni jingine. Kemikali ya bangi iitwayo THC huvuruga sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, ndiyo maana ukurasa ulioonekana mwepesi saa nne usiku, asubuhi haupo kichwani. Tena ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi kwenye miaka 25 hivi. Anayeanza mapema hunaswa na uraibu kwa urahisi zaidi, na kwa baadhi huongezeka hatari ya kusikia sauti zisizokuwepo.

“Mbona fulani alivuta na akafaulu?” Swali la haki. Nawe uliza: waliovuta wakafeli, nani amewahesabu? Utafiti wa maana huwafuata watu wengi kwa miaka, wavutaji na wasiovuta, kisha ukawalinganisha. Mhudumu wa zahanati ya jirani naye anaulizika.