Kuihama Dola: Yanayosemwa na Yaliyopo

Mwezi Juni 2024 ulienea mitandaoni uvumi kwamba mkataba wa miaka 50 ulioilazimisha Saudi Arabia kuuza mafuta yake kwa dola pekee ulikuwa umefikia ukomo, na kwamba Riyadh ilikuwa imekataa kuuhuisha. Mkataba wa namna hiyo haukuwapo. Kilichotiwa saini Juni 1974 kilikuwa makubaliano ya kuunda tume ya pamoja ya ushirikiano wa kiuchumi kati ya Saudi Arabia na Marekani, na hayakuwa na sharti la kuuza mafuta kwa dola tu. Saudi Arabia hupokea dola kwa sababu iliyo wazi zaidi: tangu 1986 thamani ya riali yake imefungwa kwenye dola, riali 3.75 kwa dola moja, na Oman na Falme za Kiarabu nazo zimezifunga sarafu zao hivyo hivyo. Nchi iliyo katika hali hiyo haina haraka ya kulipwa kwa sarafu nyingine.

Wapo pia wanaoamini kwamba dunia imeanza kuitupa dola juzijuzi tu, na kwamba yuani ya China inashika nafasi yake. Takwimu za Shirika la Fedha la Kimataifa zinaonyesha mwendo wa pole sana: mwaka 1999 dola ilikuwa takriban asilimia 71 ya akiba ya fedha za kigeni za benki kuu duniani, na mwishoni mwa 2024 ilikuwa imeshuka chini kidogo ya 58. Robo karne nzima, basi, na yuani bado iko kwenye asilimia 2 hivi. Kinachopaswa kuangaliwa kwa makini zaidi ni dhahabu. Baada ya nchi za Magharibi kuizuia akiba ya Benki Kuu ya Urusi, takriban dola bilioni 300, mwezi Februari 2022, benki kuu duniani zilinunua zaidi ya tani 1,000 za dhahabu kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Sehemu kubwa ya mali hiyo ya Urusi ilizuiwa Ulaya, si Marekani, jambo linaloeleza kwa nini yuro nayo haikuonekana kuwa kimbilio. Tanzania imo katika mkondo huo: tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kuiuzia Benki Kuu.

Hata hivyo, akiba ni kazi moja ya dola, malipo ni ya pili, na mikopo ni ya tatu. Katika soko la kubadilisha fedha, uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta dola ikiwa upande mmoja wa miamala 88 katika kila 100. Sarafu ya pamoja ya BRICS, umoja wa nchi kama Brazil, Urusi, India, China na Afrika Kusini, inayotangazwa kila mwaka na watu wasio na mamlaka ya kuitangaza, haipo. Noti aliyoonyeshwa Putin kwenye mkutano wa umoja huo mjini Kazan, Urusi, mwaka 2024 ilikuwa ya kumbukumbu tu.

Kuhusu deni la serikali ya Marekani, husemwa kwamba China ikiuza hatifungani za Marekani ilizonazo, yaani hati za mkopo za serikali hiyo, Marekani itafilisika. Deni hilo lilizidi dola trilioni 36 mwishoni mwa 2024, na sehemu ya China ilikuwa chini ya bilioni 800. Japani inadai zaidi, na wadai walio wengi ni Wamarekani wenyewe. Marekani hukopa kwa sarafu yake, kwa hiyo haiwezi kukosa dola za kulipa. Tatizo lake ni riba, ambayo katika mwaka wa fedha wa 2024 ilizidi bajeti ya ulinzi.

Anayekopa kwa sarafu ya mwingine yumo katika hali tofauti kabisa. Januari 2024 dola moja ilifikia takriban shilingi 160 za Kenya, wakati hatifungani ya dola bilioni 2 ilikuwa ikisubiri kulipwa mwezi Juni. Kwa kiwango hicho ni shilingi bilioni 320. Serikali ilipokopa upya dola bilioni 1.5 mwezi Februari kwa riba ya asilimia 9.75, hofu ilitulia, shilingi ikapanda hadi karibu 130, na dola bilioni 2 zile zile zikawa sawa na shilingi bilioni 260.

Ndiyo maana Kenya ilipoibadilisha mikopo ya reli ya kisasa kutoka dola kuwa yuani mwaka 2025, wengi walisema imeikimbia dola. Hazina yenyewe ilizungumzia nafuu ya takriban dola milioni 215 kwa mwaka, itokanayo hasa na riba ya yuani kuwa ya chini. Lakini Kenya hununua China bidhaa nyingi mno kuliko inazouza huko, kwa hiyo yuani za kulipia reli hiyo hazina budi kununuliwa kwa fedha za kigeni inazozipata kwingine, na nyingi ya fedha hizo ni dola.