Je, Wajua Kwa Nini Mji Ulioko Massachusetts Hauwezi Kujiamulia Kuacha Kutoza Kodi ya Boti?

Niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mji unaotaka kuacha kutoza kodi ya boti sharti uliombe ruhusa bunge la jimbo, nilidhani ombi hilo ni adabu tu, kwa sababu fedha huingia katika hazina ya mji wenyewe, na anayepokea fedha niliamini ana hiari ya kuzisamehe. Nilikosea. Kodi inayokusanywa na mji si lazima iwe imewekwa na mji.

Lugha yetu inasaidia hapa, kwa kuwa malipo ya kupanga nyumba nayo tunayaita kodi. Msimamizi wa nyumba ya kupanga ndiye anayebisha hodi mwisho wa mwezi na kuandika risiti, na pengine mwenye nyumba amemruhusu abaki na fedha zote kwa ajili ya ukarabati. Hata hivyo hawezi kumwambia mpangaji wa chumba cha uani kwamba kuanzia leo halipi tena, maana mkataba si wake. Mji ni kama msimamizi huyo: kodi ya boti imo katika Sura ya 60B ya sheria za jimbo, na marekebisho ya katiba ya mwaka 1966, yaliyoipa miji uwezo wa kujiendeshea mambo yake, hayakuipa mamlaka juu ya kodi. Kwa hiyo mji hupiga kura, hupeleka ombi, na bunge likikubali hutunga sheria maalumu kwa ajili ya mji huo peke yake.

Kwa nini mji ukatae fedha? Tazama boti moja ya futi 18 yenye umri wa miaka 10. Sheria haiulizi bei ya sokoni. Jedwali lake la urefu na umri huipa thamani ya dola 1,500, na kwa kiwango cha dola 10 kwa kila 1,000, mwenyewe hudaiwa dola 15. Nusu hutengwa kwa mfuko wa mji wa kutunza njia zinazopitiwa na vyombo majini. Zinabaki dola 7.50 za kugharamia uchapaji wa bili, stempu, barua ya ukumbusho, na mabishano kuhusu mahali chombo kinapofungwa kwa kawaida, maana ndipo kodi inapodaiwa. Hata yati mpya ya futi 60 au zaidi, iliyonunuliwa kwa mamilioni, huhesabiwa dola 50,000, yaani kodi ya dola 500 tu.

Si kila mji unaopata hasara, kwani penye bandari iliyojaa vyombo mfuko ule husaidia kuchimba mkondo na kutengeneza gati. Lakini mji wenye ziwa dogo na boti chache kuukuu hauna budi kuendelea kutuma bili zake hadi sheria hiyo maalumu ipite.