Chasisi umeshaipiga lami? Basi tuanzie hapo

"Huku chini hakuna neno, fundi, nilishapiga lami." Utaisikia kwa mwenye gari la zamani la Kiingereza kama Triumph, utaisikia kwa mwenye MGB, na mwenye Datsun 240Z, aina ile iliyochukua Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, naye atakwambia hivyo hivyo bila kupepesa macho. Gari lenyewe linalala Raskazone, Tanga, mawimbi yanasikika kutoka kitandani. Ukigusisha bisibisi kwenye mhimili wa chasisi, lami inabonyea kama ngozi ya embe bovu na bisibisi inazama mpaka mpini.

Kwa hiyo, katika dhana za kutu nitakazozijibu hapa, hii ya lami itakula nafasi kubwa. Nyingine nitazipitia mbio.

Dhana: Lami ikishapakwa, kutu inakufa

Ukweli: kutu si mchwa, haifi kwa kupakwa kitu. Inataka chuma, maji na oksijeni, na chumvi inaichochea. Kama lami ingeziba maji na hewa kabisa, ningenyamaza. Haizibi. Ukipaka juu ya kutu, umepaka juu ya sifongo lililokwisha kunywa chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji hewani unyevu unapofika asilimia 75 hivi. Chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesiamu ndani yake, huanza mapema zaidi. Usiku wa Tanga unyevu huo upo karibu mwaka mzima. Ndiyo maana chasisi unayoiona kavu saa saba mchana hulowa saa kumi alfajiri pasipo tone la mvua.

Na lami haishiki kwenye kutu, inashika kwenye chuma. Magamba ya kutu yanachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoyazaa, kwa hiyo yanavimba na kuisukuma lami itoke. Hapo joto la ekzosi limeshaikausha, changarawe ya njia za vumbi inaigonga, inapasuka ufa mwembamba kama unywele. Maji yanaingia kwa ufa huo, kutoka hayatoki. Kuna jambo watu hawalijui: sehemu ya chuma isiyopata hewa ya kutosha, yaani ile iliyo chini ya lami pembeni mwa ufa, ndiyo inayoliwa haraka kuliko ile iliyo wazi. Juu panang'aa cheusi, ndani pameoza.

Fundi wa jahazi analijua hili bila kusomea kemia. Kabla ya kupaka deheni anakwangua chaza, anachoma, anasugua mpaka mbao zionekane. Hujawahi kumwona anapaka mafuta na chokaa juu ya chaza. Wenye magari ndio tunaotaka njia ya mkato.

Kukagua gari lililokwisha kupigwa lami kunaanza na stendi nne za chuma, ardhi ngumu, na tairi zilizotiwa vigingi. Jeki peke yake si ya kulalia chini. Shika nyundo ndogo, bisibisi pana, tochi, na kikwangua. Gonga mhimili kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima kinalia "ngi". Kilichooza kinalia "pu", au hakilii kabisa. Panapolia "pu" kwangua lami, kisha sukuma bisibisi kwa nguvu ya kiganja. Usiogope kutoboa. Bisibisi haitoboi chuma kizima, na tundu lililotokea lilikuwepo kabla yako.

Kila gari lina mahali pake pa kuanzia. Triumph TR4A mpaka TR6 zenye mikono ya magurudumu ya nyuma inayojitegemea, anza pale mikono hiyo inapofungwa kwenye chasisi, nyuma ya viti: tope linakaa juu ya mhimili na halipati njia ya kutoka. Angalia pia vishikio vya difu, vina tabia ya kupasuka. Mbele ya chasisi mara nyingi utakuta pazima, kwa sababu injini na giaboksi za Kiingereza zimekuwa zikivujisha oili juu yake tangu zilipotoka kiwandani. Ndiyo faida pekee ya mivujo ile.

MGB haina chasisi ya kutengana na bodi, kwa hiyo anayekwambia "chasisi yake nzima" hajui anachokisema. Nguvu ya gari lile ipo kwenye vizingiti vilivyo chini ya milango, na vizingiti hivyo vina mabati kadhaa, likiwemo la nje, la katikati na la chini. La nje linaweza kuwa jipya na la katikati likawa unga. Kwenye ile isiyo na paa, acha mlango umefungwa, inua upande mmoja kwa jeki, kisha jaribu kuufungua. Ukibana, au nafasi ya juu ya mlango ikipungua, gari linapinda katikati. Datsun 240Z, kagua mihimili iliyochomewa chini ya sakafu, kibeba betri ambako tindikali hutiririka, na shimo la tairi la akiba. Sumaku nayo ukae nayo mfukoni: mahali isiponata kwenye bati, umeshakutana na puti.

Haya, lami inatolewaje? Kwa kikwangua na kipuliza joto cha umeme kwa joto la wastani, mabaki yakilainishwa kwa mafuta ya taa na kitambaa. Moto wa gesi hapana: kuna paipu za breki, kuna tangi la mafuta, na moshi wa lami si wa kuvuta. Mafuta ya taa yaoshe kwa sabuni ya unga. Kisha suuza kwa maji baridi, mara tatu, kila tundu. Ya bomba, tafadhali. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na kuosha chumvi kwa maji ya chumvi ni mchezo wa watoto.

Brashi ya waya inang'arisha kutu, haiitoi. Vishimo vidogo vinabaki vyeusi, na ndani yake ndimo chumvi ilimokaa. Hapo ama upige mchanga kwa kompresa, ama utumie dawa ya asidi ya fosforasi kwa brashi ngumu, uiache kadiri kopo linavyosema, usugue, usuuze, urudie. Ukichagua mchanga, usichote ufukweni! Una chumvi, kwa hiyo unaipigilia ndani ya chuma, na vumbi la mchanga wowote wa kawaida huharibu mapafu yasipone tena. Tumia changarawe laini ya chuma au madini ya kupigia yanayouzwa kwa kazi hiyo, na vaa barakoa ya kweli, kitambaa cha puani hakitoshi.

Chuma kikishakuwa cheupe, saa zinahesabika. Kikilala wazi usiku mmoja tu hapa, asubuhi kina rangi ya chungwa. Safisha asubuhi, piga praima, yaani rangi ya kwanza ya kinga, mchana huo huo, kati ya saa nne na saa tisa. Mapema mno umande haujaondoka kwenye chuma, jioni unarudi. Chuma kinapaswa kuwa na joto la angalau nyuzi tatu juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewani hugeuka maji, na njia ya kienyeji ya kujua ni kufuta kwa kitambaa chenye maji kidogo: doa lisipokauka ndani ya robo saa, subiri.

Praima iwe ya epoksi yenye fosfati ya zinki, ya makopo mawili. Changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, kwa chombo chenye alama, si kwa jicho. Joto letu linafupisha muda wa kuitumia, kwa hiyo changanya nusu lita nusu lita. Mikono miwili, kwa chasisi ya gari dogo la viti viwili lita mbili zinatosha. Kingo na mishono ya kuchomea zipake kwanza kwa brashi, maana rangi ya kupuliza hukimbia kwenye kingo. Hapo juu ndipo unaweza kuweka kinga dhidi ya mawe, na hapo hata mimi sina ugomvi na lami, ingawa ningechagua ya nta kwa sababu haikauki ikapasuka.

Halafu ndani. Mhimili ni boksi, na boksi huoza kuanzia ndani kwenda nje. Unahitaji nta ya mashimo, lita mbili hadi tatu kwa gari la namna hii, na mpira mrefu wa kupulizia wenye kichwa kinachotupa pande zote. Ingiza mpaka mwisho, vuta polepole huku ukipuliza, acha mpaka itokeze kwenye vitundu vya kutolea maji, kisha zibua vitundu hivyo kwa waya. Watu wengi husahau hatua ya mwisho na kugeuza mhimili kuwa tangi. Rudia kila mwaka kabla ya masika.

Dhana: Oili chafu ni bure na inafanya kazi ile ile

Bure si kweli, utailipa kwenye bushi za mpira. Oili ya madini inavimbisha na kulegeza mpira wa asili, na ya injini iliyotumika ina maji, asidi za mwako na masizi. Inadondokea breki, inashika vumbi likawa tope linalohifadhi unyevu, na kuigusa kwa ngozi kila siku kunahusishwa na saratani. Ukitaka kitu cha kienyeji, yeyusha gramu 250 za nta ya nyuki ndani ya lita moja ya oili safi, sufuria ikiwa juu ya sufuria nyingine yenye maji, mbali na moto wazi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 63 hivi. Paka ikiwa vuguvugu, kwenye chuma tu, mbali na mpira na ekzosi. Si sawa na ya dukani, lakini haina aibu.

Dhana: Gari likikaa gereji halipati kutu

Chumba kisicho na dirisha, sakafu ya udongo, gari limefunikwa turubai la nailoni: umetengeneza mvuke wa kupikia chuma. Kibanda cha makuti kilicho wazi pande mbili, kinachopitisha upepo lakini hakitazami bahari, kinakishinda chumba hicho. Kama ni lazima lifunikwe, tumia kitambaa kinachopumua. Na baada ya kupita Tongoni au kando ya mashamba ya chumvi, mwaga maji ya bomba chini ya gari kwa dakika 20, kwa mpira wa bustani. Presha kubwa inasukuma maji na mchanga mahali ambapo visingefika.

Dhana: Weka kiraka juu, chomea, basi

Kiraka juu ya bati lililooza kinaacha mwanya kati ya mabati mawili, na mwanya hauoshwi wala haupakwi. Kata mpaka ukutane na chuma kizima, ongeza sentimita mbili, toa kipande cha unene ule ule, kikae kando kwa kando na siyo juu. Kabla ya kukata vizingiti vya MGB, funga paipu kukatiza uwazi wa mlango, la sivyo gari litapinda katikati na milango haitafunga tena. Toa waya za betri na ushushe tangi la mafuta. Ukimaliza, rudi na nta ndani: joto limeunguza kinga upande usiouona, na mshono ndio unaoanza kutu.

Dhana: Kuna kisanduku cha umeme kinachozuia kutu

Wazo lake ni lile la meli, lakini zinki zinazofungwa chini ya meli bandarini zinafanya kazi kwa sababu meli imezama majini, na maji yale yanabeba umeme kutoka zinki mpaka chuma. Gari lako linakaa hewani. Kisanduku kinawasha taa nzuri ya kijani.

Dhana: Bodi ya fiba, kwa hiyo hakuna kutu

Bodi, ndiyo. Lotus Elan ina bodi ya fiba juu ya chasisi ya bati la chuma yenye umbo la uti wa mgongo, na nguzo zake za mbele, zinazoshika springi na mikono ya magurudumu, zina matundu madogo ya kutolea maji yanayozibwa na uchafu. Maji yanajaa ndani, nguzo inaoza kutoka chini, na kwa kuwa fiba haibadiliki rangi hakuna dalili juu. Chomeka waya kwenye kila tundu. Waya ukitoka na tope jekundu, ondoa gurudumu leo.