Wharram Percy: mahame yaliyoachiwa kondoo

Kila nikionyesha picha za Wharram Percy, kijiji cha Enzi za Kati kilichohamwa na watu wake, swali la kwanza ni lile lile: "Tauni ndiyo iliyowamaliza, sivyo?" Huwa nawaambia wamtazame yule kondoo anayekula majani nyuma ya kanisa.

Mahame haya yako kwenye vilima vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Jengo la kale lililosimama ni kanisa la Mtakatifu Martin. Halina paa, na sehemu ya mnara wake iliporomoka mwaka 1959. Nyumba za wakulima ni matuta ya nyasi tu. Mchana unaweza kuyapita usione kitu. Ngoja jua lianze kuchwa, vivuli virefuke, ndipo njia, nyua na misingi ya nyumba hujichora ardhini.

Tauni ilifika Uingereza mwaka 1348, na iliua. Lakini karne moja baadaye watu walikuwa bado wanaishi hapa. Kilichogeuka ni hesabu ya mwenye ardhi: vibarua wamepungua, ujira umepanda, sufu ina soko, na kundi zima la kondoo linachungwa na mtu mmoja na mbwa wake. Wengine walijiondokea kutafuta ardhi bora. Waliosalia waliondolewa mnamo 1500 hivi na ukoo wa Hilton, waliomiliki ardhi hii, na mashamba yakawa malisho. (Kwa hiyo tauni ilichangia, ila kwa kuzunguka.)

Haya tunayajua kutokana na ukaidi wa watu wawili. Maurice Beresford, mwanahistoria wa uchumi, wala si mwanaakiolojia, alianza kuchimba mwaka 1950. John Hurst akaungana naye muda mfupi baadaye, na kila kiangazi walirudi na watu wa kujitolea hadi mwaka 1990. Kabla yao wachimbaji wengi walikimbilia ngome na nyumba za watawa. Kibanda cha mkulima nani angekijali?

Mimi huvutiwa zaidi na kuta za kanisa. Watu walipoongezeka, lilipanuliwa ubavuni. Walipopungua, nyongeza zikabomolewa na matao yakazibwa kwa mawe. Matao hayo yanaonekana hadi leo. Na ibada hazikukoma kijiji kilipokufa: waumini wa Thixendale, kijiji cha jirani, waliendelea kuja hapa hadi walipojengewa kanisa lao mwaka 1870.