Je, wajua kwa nini mtu anamlilia mpiga gitaa ambaye hajawahi hata kumwona?

Oktoba 2020 Eddie Van Halen alipofariki kwa kansa huko Marekani akiwa na miaka 65, jamaa yangu mmoja fundi simu pale Ngamiani, hapa Tanga, alishinda kanuna siku nzima, anapiga nyimbo zake tu, na kila aliyesimama kibandani akamuuliza swali lilelile, kwani huyo mzungu ndugu yako?

Swali lina jibu, tena jibu zuri.

Kwanza Eddie unamjua hata kama hevi metali, ule muziki wa roki wa magitaa mazito, huisikilizi kabisa. Ile Beat It ya Michael Jackson ya mwaka 1982, pale katikati gitaa linapopandwa na mashetani, ndo yeye yule, na alipiga bure hakuchukua hata senti. Kazaliwa Amsterdam, baba mwanamuziki, mama ana asili ya Indonesia, wakahamia California 1962 yeye bado mtoto. Gitaa lake maarufu alijiungia mwenyewe vipande vipande, halafu akalipaka rangi nyekundu ya baiskeli, yaani rangi ambayo hapa Tanga fundi baiskeli yeyote angemuuzia!

Sasa kwa nini watu wanalia. Mimi naona sababu kubwa iko kwenye sauti yenyewe. Gitaa la hevi metali lina ule mkwaruzo ambao wengi wanadhani ni fujo tu au spika imekufa, kumbe kinachofanyika ni kwamba umeme mdogo unaotoka kwenye gitaa unakuzwa kwenye amplifaya mpaka amplifaya inazidiwa, inaanza kukata vilele vya mawimbi, basi sauti kubwa inafika mahali haiwezi kupanda tena lakini ile ndogo inaendelea kupandishwa tu mpaka zinakaribia kulingana. Hapo ndo kila kitu kinatoka hadharani. Kidole kikiteleza kwenye waya unakisikia, kiganja kikiegemea nyuzi kuzima mlio unakisikia, na noti ikishikiliwa mkono unatikisika kidogo ili iendelee kulia, na huo mtikisiko kila mpigaji ana wake. Kwenye gitaa lisilo na mkwaruzo vingi vya hivyo vinapotea. Kwa hiyo shabiki aliyemsikiliza mtu miaka ishirini kakaa karibu sana na ule mkono, anautambua kama unavyomtambua mtu wa nyumbani kwa kikohozi chake kabla hajapiga hodi. Akifa, ule mkono ndo basi tena, hakuna mwingine.

Na wala siyo mambo ya wazungu peke yao. Huu ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, wapo wazee hapa ukiwawekea zilipendwa wanakwambia nani kashika solo kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alipokufa kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979, wangapi waliomlilia walikuwa wamewahi kumpa mkono? Wengi walimjua kwa redio na santuri tu na bado wakaumia, na hadi leo ukigusa solo zake kuna watu wananyamaza kwanza.

Wataalamu nao wameligusa hili zamani, mwaka 1956 Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu ukaribu wa upande mmoja, yaani mtu anamzoea wa kwenye redio au tivi mpaka anamhesabu rafiki wakati mwenzie hata hajui kama yupo. Ongeza na umri, nyimbo za ujana ndo zinazoganda kichwani kuliko zote, kwa hiyo anayelia analilia na miaka yake mwenyewe humohumo.

Tena wapigaji wenyewe wanaliliana hivyohivyo. Desemba 2004 Dimebag Darrell, mpiga gitaa wa bendi ya hevi metali ya Pantera, alipigwa risasi jukwaani Columbus, Ohio, ana miaka 38 tu. Eddie akaenda msibani Texas na gitaa lake la mistari ya njano na nyeusi, lile lililopigwa picha nyuma ya albamu ya 1979 ya bendi yake, Van Halen, siyo nakala, lenyewe, likawekwa ndani ya jeneza likazikwa na Dimebag. Gitaa ambalo wakusanyaji wangelitolea mamilioni ya pesa! Mimi hapo huwa naelewa kila kitu.

Zamu ya Eddie ilipofika, mashabiki walipeleka maua kwenye nyumba aliyokulia Pasadena. Halafu Septemba 2022 mtoto wake Wolfgang alisimama Wembley, London, kwenye tamasha la kumuenzi marehemu Taylor Hawkins, mpiga ngoma wa bendi ya Foo Fighters, akapiga nyimbo za baba yake noti kwa noti, kijana anajua kweli, nampa heshima zote. Ila weka rekodi mbili pamoja kwenye hedifoni uzisikilize zile noti ndefu, utasikia ni mkono mwingine. Jamaa yangu wa Ngamiani anaisikia hiyo tofauti sekunde ya kwanza, ndo maana alinuna siku nzima.