Paniki ya kiini ni nini, na huchunguzwaje kwenye kompyuta yenye vichakataji vingi

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuongoza vifaa. Programu ya kawaida ikiharibika, kiini huiua na kazi nyingine zikaendelea. Kiini chenyewe kikiharibika, hakuna kilicho juu yake cha kukinusuru, hivyo husimamisha mashine nzima kabla data mbovu haijaandikwa kwenye diski. Huko kusimama ndiko paniki. Kwenye Linux hutangazwa kwa maneno "Kernel panic - not syncing", kisha sababu.

Chini ya paniki kuna oops: kiini hugundua kosa, huua mchakato (programu iliyo kazini) uliokuwa ukiendeshwa na kujaribu kuendelea. Usiridhike nayo. Mchakato ule huenda umekufa ukiwa umeshika kufuli (alama inayozuia wengine kugusa data ileile kwa wakati mmoja), na vichakataji vingine vitalisubiri milele. Ndipo zinapokuja ripoti za "soft lockup", yaani kichakataji kimekwama ndani ya kiini zaidi ya sekunde 20 bila kupisha kazi nyingine.

Ugumu wa mashine yenye vichakataji vingi ni kwamba vyote vinatumia kumbukumbu moja kwa wakati mmoja. Tuseme kichakataji namba 2 kinafuta kumbukumbu ya kiunganisho cha mtandao huku namba 5 bado kinaisoma. Kitakachoanguka ni namba 5, na ripoti itaandika "CPU: 5" pamoja na jina la programu iliyokuwepo. Wengi huishia hapo na kuilaumu programu hiyo. Mstari huo unakuonyesha aliyeumia. Aliyetenda huenda alikwishamaliza kazi yake na kuondoka. Kwa hiyo unahitaji picha ya kumbukumbu yote, si ya kichakataji kimoja.

Picha hiyo hupigwa na kdump, huduma ya Linux inayohifadhi yaliyomo kwenye kumbukumbu kiini kinapoanguka. Ongeza crashkernel=256M, yaani kumbukumbu inayotengwa kwa kazi hiyo, kwenye vigezo vya kuwashia kiini (seva yenye kumbukumbu kubwa itahitaji zaidi), washa upya, kisha anzisha huduma ya kdump. Weka pia kernel.panic_on_oops=1, ili picha ipigwe kosa la kwanza linapotokea, kabla madhara hayajasambaa na kuficha chanzo. Ijaribu wakati hakuna mtu anayetumia mashine, kwa kuandika echo c > /proc/sysrq-trigger ukiwa root (msimamizi mkuu): mashine itaanguka papo hapo, na faili la vmcore, ambalo ndilo picha yenyewe, linapaswa kuonekana ndani ya /var/crash. Lifungue kwa programu ya crash pamoja na vmlinux (faili la kiini chenyewe) yenye taarifa za utatuzi ya toleo lilelile la kiini. Tofauti ndogo tu ya toleo, haitafunguka ipasavyo. Amri ya log hutoa ujumbe wa mwisho wa kiini, na bt -a huonyesha kila kichakataji kilikuwa kwenye funksheni gani.

Kabla ya kuzama kwenye msimbo, soma herufi zinazofuata neno "Tainted" kwenye ripoti, yaani alama za mambo yaliyokitia kiini doa. M ina maana maunzi yenyewe yameripoti hitilafu: kagua kumbukumbu za rasdaemon (huduma inayorekodi hitilafu za maunzi), joto, na RAM kwa memtest86+ (programu ya kupima RAM), ukiiacha izunguke mara kadhaa. O ni moduli (kipande cha msimbo kinachopachikwa kwenye kiini) iliyotoka nje ya kiini. Iondoe kwanza, kisha uone kama tatizo linarudi. Angalia pia mstari wa RIP, unaotaja funksheni iliyokuwa ikiendeshwa, katika maanguko kadhaa. Funksheni ikiwa ileile kila mara, shuku programu. Zikibadilika ovyo, shuku maunzi.

Kuwasha kwa maxcpus=1, yaani kwa kichakataji kimoja tu, ni kipimo kizuri lakini hakitoshi. Tatizo likitoweka, huenda ni mgongano wa vichakataji, ila pia umepunguza joto na matumizi ya umeme, hivyo hata ugavi dhaifu wa umeme utajificha.

Kwa mgongano wa kumbukumbu iliyofutwa mapema, chombo bora ni kiini kilichojengwa na CONFIG_KASAN, chaguo linalokagua kila matumizi ya kumbukumbu. Hula sehemu moja ya nane ya kumbukumbu na kuipunguza mashine kasi sana, basi kiendeshe kwenye mashine ya majaribio. Ripoti yake inaonyesha aliyesoma kumbukumbu isiyo yake tena, aliyeiomba, na aliyeifuta. Ukishuku kufuli zilizoshikwa kwa mpangilio mbaya, tumia CONFIG_PROVE_LOCKING, ambayo huonya hata kabla mkwamo haujatokea.